Ogopa Pikipiki Iliyolala

Nikifika kwa muuzaji wa pikipiki, baada ya salamu navua glavu na kuweka kiganja kwenye kifuniko cha injini. Kikiwa cha baridi, tunaendelea. Kikiwa na uvuguvugu, namuuliza kwa upole kama ametoka kuiendesha. Jibu ninalolipata mara nyingi ni kwamba aliipasha moto kidogo ili nisihangaike. Sasa hayo mahangaiko ndiyo niliyoyafuata. Injini kubwa iliyochoka huwaka kwa utii ikishapata moto. Ukweli wake huutoa asubuhi, stata inapoizungusha kwa taabu, moshi wa kwanza unapotoka, cheni ya ndani inapogonga kabla oili haijapanda juu. Siku hizi napiga simu mapema: bwana, naomba usiiwashe mpaka nifike.

Niko Columbus, jimbo la Ohio, Marekani. Pikipiki nilijifunzia Tanga, kwenye Honda CG 125 ya mjomba, ile ambayo ikianguka unaiinua kwa mkono mmoja na mwingine unafuta magoti. Hapa pikipiki yangu ya kwanza ni Suzuki V-Strom 650. Inanipeleka kazini, inabeba mizigo, hailalamiki. Ninachotaka kuzungumzia ni ya pili, ile ambayo mtu haihitaji ila roho inaitaka: kruza yenye misuli.

Kruza, kwa asiyeijua, ni pikipiki ndefu ya chini, kiti kama kigoda, miguu mbele. Nyingi zimeundwa kwa mwendo wa kujipitia. Lakini mwaka 1985 Yamaha walileta V-Max, injini ya silinda 4 ya sentimita za ujazo 1,198 iliyotiwa kwenye umbo hilo la kivivu, nayo ikawa inakimbia kama imetumwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 likaja wimbi zima: Harley-Davidson V-Rod, ambayo injini yake ilitengenezwa kwa kushirikiana na Porsche, Honda VTX1800, Yamaha Warrior yenye fremu ya alumini, Triumph Rocket III ya mwaka 2004 yenye sentimita za ujazo 2,294, kuzidi magari mengi ya abiria, na Suzuki M109R ya 2006, ambayo pistoni yake moja ina kipenyo cha milimita 112, karibu na sahani ya kikombe cha chai. Zikiwa mpya zilikuwa za wenye pesa. Leo zimejaa kwenye gereji za wastaafu, na bei imeshuka hadi mfanyakazi wa ghala kama mimi anaweza kuuliza.

Na hapo kwenye "gereji za wastaafu" ndipo pana mtego.

Mara ya kwanza niliingia mzimamzima. Pikipiki ilikuwa na miaka 15 na maili 6,800 tu, sawa na kilometa 11,000 hivi. Rangi inang'aa, chuma kinang'aa, muuzaji mwenyewe mzee mpole aliyenipa na kahawa. Nikajiambia, hii ni mpya, imechelewa tu kupata mtu. Nikalipa. Wiki ya pili ikaanza kukohoa, ya tatu ikavuja mafuta ya shokapu, ya nne breki ya nyuma ikakataa kuachia na gurudumu likawa la moto kiasi cha kuchemsha uji. Nikaipeleka kwa fundi mmoja wa hapa hapa, mtu wa Bukavu, Kongo, anayefanyia kazi nyuma ya nyumba yake. Akaizunguka, akachuchumaa, akanusa mdomo wa tangi, kisha akaniangalia kama daktari anayetafuta maneno.

"Mukubwa," akasema, "hii piki imelala sana."

Ikanigharimu zaidi ya dola 1,400 kuiamsha. Aliyeiunda hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa la miaka 11 ya kusimama chini ya shuka, na langu mimi niliyesoma namba ya maili nikadhani nimesoma afya.

Pikipiki ya kwanza huzeeka kwa kutembea. Ya pili huzeeka kwa kulala, kwa sababu mwenyewe ana nyingine ya kumpeleka anakokwenda. Hii aliitoa Jumapili za jua, halafu akapata mjukuu, halafu mgongo ukaanza kuuma, halafu ikawa kabati la kuwekea makopo ya rangi. Ukinunua kruza ya namna hii, mara nyingi unanunua pikipiki ya pili ya mtu mwingine. Kwa hiyo usiikague kama unavyokagua bodaboda ya mtumba, ambayo unaogopa imetumika mno. Hapa unatafuta usingizi.

Anza na matairi, kwa sababu hayajui kudanganya. Ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na herufi DOT, kuna tarakimu 4: mbili za wiki, mbili za mwaka. 1410 ni wiki ya 14 ya mwaka 2010. Piga goti na tochi, maana wakati mwingine namba iko upande wa ndani. Tairi linaweza kuwa na meno yote na bado likawa gumu kama kandambili iliyosahaulika juani, na tairi gumu kwenye pikipiki ya kilo 300 siku ya mvua sikuombei. Mimi likipita miaka 6 au 7 nalihesabu limekufa, nikimwambia muuzaji hivyo hivyo kwa sauti. Jozi moja pamoja na kufunga niliilipia dola 430, na matairi mapana ya nyuma, kama lile la milimita 240 la M109R, huongeza bili.

Kisha angalia mafuta ya breki kupitia kile kidirisha kidogo kwenye usukani. Mapya yana rangi ya njano hafifu. Yakiwa kama chai ya rangi iliyokolea, yamekaa humo miaka, na mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, unyevu huo ukala pistoni za breki kimyakimya. Ndiyo habari ya breki yangu ya nyuma. Baadhi ya kruza, V-Max ikiwemo, hata klachi yake inaendeshwa kwa mafuta hayo hayo, kwa hiyo kuna vidirisha viwili vya kuchungulia. Ukikuta kimoja cheusi na kingine safi, uliza kwa nini.

Fungua tangi. Petroli nzuri ina harufu kali inayopanda puani. Iliyooza inanuka kama vanishi ya fundi seremala. Mulika tochi ndani, tafuta kutu kwenye kona. Kwenye V-Max na V-Rod usitafute tangi mbele, lile umbo la tangi ni pambo, petroli inakaa chini ya kiti. V-Max ya zamani ina kabureta 4, na petroli iliyokaukia humo huziba vitundu vidogo kuliko tundu la sindano ya kushonea. Kuzifungua zote, kuzisafisha na kuzipatanisha upya ni kazi ya siku nzima kwa fundi anayejua, na wiki nzima kwa asiyejua. Zile za kuanzia miaka ya 2000 nilizozitaja hapo juu zinatumia mfumo wa kupuliza mafuta kwa sindano, nazo hazilali kifofofo hivyo, ingawa pampu zake nazo hazipendi petroli mbovu.

Shokapu za mbele: pitisha kidole kwenye chuma kinachong'aa. Ukihisi ukwaru wa kutu mahali ambapo sili inapita, hesabu sili zimekwisha, hata kama leo hazivuji. Mpira ukikaa mkavu miaka mingi hukakamaa, na siku utakapoanza kuruka nao mashimo ya barabara ndiyo siku utakapoachia. Betri usiipe uzito sana, ni kitu cha kubadilisha, ila nenda na kipima volti cha dola 20. Pikipiki ikiwa imezimwa utake volti 12.6 hivi, ikiunguruma kwa resi ya kati zipande kati ya 13.5 na 14.5. Zisipopanda, mfumo wa kuchaji una maradhi, na hayo hayamalizwi na betri mpya.

Nimekaa sana kwenye usingizi kwa makusudi. Dalili za kutembea nazo zipo, lakini zina bei inayotabirika: pedi za breki, beringi za gurudumu, mpira wa kikanyagio ulioliwa upande mmoja. Pikipiki ya maili 35,000 iliyobadilishwa oili kwa wakati, yenye stakabadhi kwenye bahasha iliyochakaa, mimi naipokea kwa mikono miwili. Injini hizi kubwa hazikaziwi kama za pikipiki za mashindano.

Anguko ni jambo jingine, na hapo muuzaji hatakusaidia. Tazama ncha za mikono ya breki na klachi, ncha za usukani, kingo za sailensa, vifuniko vya injini pande zote mbili. Mkwaruzo upande mmoja tu kwenye ncha unaweza kuwa wa kuanguka imesimama, jambo linalomtokea kila mtu mwenye pikipiki nzito, mimi nikiwa mmojawapo, mbele ya kituo cha mafuta kilichojaa watu. Kisha zungusha usukani hadi mwisho kushoto na kulia, uchungulie chini yake pale fremu inapouzuia. Kile kichuma cha kuzuia kikiwa kimebonyea au kupinda, gurudumu la mbele liliwahi kugonga kitu kwa nguvu. Rangi inaweza kupakwa upya. Hicho ni wachache wanaokikumbuka. Ondoa pia uzito kwenye gurudumu la mbele kama mna jeki, uzungushe usukani polepole: ukijikita katikati kama mlango wenye komeo, beringi za shingo zimeliwa.

Mapambo usiyalipie. Sailensa ya kelele, taa za buluu chini ya injini, ngozi yenye vishada, vyote ni ladha ya mwenye pikipiki, na ladha haiuzwi mtumba. Muulize kama vipande vya asili bado anavyo. Anayekuletea sailensa ya kiwandani ndani ya boksi lake ni mtu wa utaratibu. Aliyebadilisha sailensa bila kurekebisha mgawo wa mafuta ameiacha injini ikipumua hewa nyingi kuliko inavyolishwa, na utaisikia ikipiga milipuko midogo ukiachia resi. Ukiona nyaya zimeunganishwa kwa kusokotwa na kufungwa utepe mweusi, toa dola 200 kichwani kabla hujafungua mdomo.

Kila aina ina donda lake, nayo yanajulikana. V-Max za kizazi cha kwanza, 1985 hadi 2007, husifika kwa gia ya pili inayoruka: ukiipanda ipeleke gia ya pili, vuta kwa nguvu, na ikijitoa yenyewe shuka, shukuru, nenda nyumbani, kwa sababu kuirekebisha ni kuipasua injini. VTX1800 inatumia shafti badala ya cheni, raha tupu, lakini kila gurudumu la nyuma linapotolewa, meno ya maungio yake yanataka kupakwa grisi maalumu. Fundi wa matairi mwenye haraka husahau, na meno yanaliwa bila kupiga kelele. Uliza nani alibadilisha tairi la nyuma mara ya mwisho na alipaka nini. V-Rod na Warrior zinatumia mkanda: upinde taratibu, tafuta nyufa chini ya meno na matundu ya kokoto. M109R na Rocket III maradhi yao makubwa ni uzito. Rocket III ni zaidi ya kilo 300 kabla hujatia tone la petroli. Isukume mwenyewe ndani na nje ya gereji kabla ya kuiendesha. Ukishindwa kuirudisha nyuma kwenye mwinuko mdogo, siku utakapoegesha vibaya utaomba msaada wa wapita njia, na kuna siku hawatapita.

Msimu ni silaha yako. Ohio barabara humwagiwa chumvi tangu theluji ya kwanza, na mwenye akili haitoi kruza yake mpaka mvua za Machi au Aprili zioshe lami. Kwa hiyo kuanzia mwisho wa Oktoba watu wanataka nafasi ya gari ndani ya gereji, na bei hulainika. Shida ni kwamba katikati ya Januari huwezi kuijaribu barabarani, na pikipiki usiyoijaribu ni hadithi. Mimi navizia Novemba ya mwanzo na zile siku mbili tatu za Februari ambapo jua hudanganya kila mtu. Na kumbuka hii ni ya pili: una usafiri, hakuna anayekungoja kazini kwa sababu yake. Muuzaji akisema kuna mtu mwingine anakuja saa kumi, mtakie heri na huyo mtu. Nimeondoka mara nne hivyo. Mara mbili nilipigiwa simu siku iliyofuata.

Kuijaribu, nenda na pesa taslimu na leseni yenye idhini ya pikipiki. Mwachie pesa mkononi wakati unazunguka, ndiyo desturi hapa, na inamwondolea hofu. Kabla ya kuondoka shika breki mara tatu papo hapo. Barabarani tafuta lami tupu, shika breki ya mbele kwa uthabiti. Usukani ukitetemeka, diski zimepinda au beringi zina shida. Panda gia ya juu kwa mwendo mdogo, fungua mafuta ghafla: mzunguko wa injini ukipanda bila mwendo kuongezeka, klachi inateleza. Ukirudi, izime, ngoja dakika tano mkiongea habari za watoto, kisha iwashe tena ikiwa ya moto. Kuna zinazowaka baridi vizuri na kugoma zikiwa za moto, hasa stata ikiwa imechoka kuzungusha pistoni za ukubwa huo.

Karatasi zisikuchoshe, lakini usiziruke. Kile tunachokiita kadi kule nyumbani, hapa ni hati ya umiliki. Namba ya fremu yenye herufi na tarakimu 17, iliyochongwa kwenye shingo ya pikipiki, ifanane na ya kwenye hati, moja moja, ukisoma kwa kidole. Shirika la NICB, linalopambana na uhalifu wa bima, lina ukaguzi wa bure mtandaoni unaokuonyesha kama iliripotiwa kuibwa au kuandikwa kuwa mabaki ya ajali, na NHTSA, idara ya serikali ya usalama barabarani, wanaonyesha kama kuna marekebisho ya kiwandani ambayo hayajafanywa. Hati ikiwa na jina la benki, deni lilipwe kwanza, mbele yako. Ohio muuzaji lazima asaini mbele ya mthibitishaji wa viapo. Akikuletea hati aliyokwisha kusaini jikoni kwake, msipeane pesa. Ukishaipata, una siku 30 za kuihamisha kwa jina lako. Na piga simu kwa kampuni ya bima kabla ya yote hayo, ukiwa na namba ya fremu mkononi, maana kampuni nyingine huiweka V-Max kundi moja na pikipiki za mashindano, na bima ya mwaka inaweza kukubadilishia mawazo.

Niliyonayo sasa ni Warrior ya 2004. Muuzaji alitaka dola 4,800, tairi la nyuma likasoma 3113, tukamalizana kwa 4,100. Ilikuwa na maili 33,000, fundi wa Bukavu akaizunguka, akanusa tangi, akasema tu, "Hii iko macho." Tangu hapo nimejiwekea amri: kila baada ya siku kumi, kama barabara ni kavu, V-Strom inabaki nyumbani na Warrior inanipeleka kazini, nitake nisitake. Kwenye baridi inakunywa kinga ya petroli na kunyonya umeme wa chaja ndogo usiku kucha.

Kama leo ningekuwa na dola 5,000 na mbele yangu kuna V-Max ya maili 6,000 iliyofunikwa shuka na Warrior nyingine ya maili 40,000 yenye matope kwenye madigadi, ningebeba ile yenye matope.